Kwa Udi na Uvumba: Manukato katika Historia, Fasihi na Kumbukumbu za Unguja



1.0 Utangulizi

Haipiti wiki bila ya kusikia au kusoma usemi wa "kwa udi na uvumba". Mgombea huahidi kuleta maji kijijini kwa udi na uvumba. Timu ya mpira husaka ushindi kwa udi na uvumba. Mzee humtafutia mwanawe shule kwa udi na uvumba. Nimewauliza wanafunzi wangu mara nyingi maana ya usemi huu, na wote hujibu bila ya kusita kwamba maana yake ni kwa kila njia, kwa juhudi zote. Ninapowauliza udi ni nini, wengi hujibu. Ninapowauliza uvumba ni nini, darasa hunyamaza. Na ninapowauliza mtu hufanya nini kwa udi na uvumba, yaani kitenzi kiko wapi, hutazamana.

Kitenzi hicho ni kufukiza. Udi na uvumba vilifukizwa pale mtu alipokuwa na haja kubwa: mgonjwa alipouguzwa, pepo alipopungwa, bibi harusi alipopambwa, maiti alipoandaliwa kwa safari yake ya mwisho. Usemi umebakiza nomino mbili na kukiacha kitenzi. Mada yangu leo inatokana na upungufu huo mdogo. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya manukato ya Unguja, kama ilivyoandikwa na wanahistoria na kama ilivyokusanywa na sisi wanaleksikografia, ni historia ya nomino. Tumeuliza vitu vinaitwaje na vilitoka wapi. Hatukuuliza vya kutosha vilifanywaje, wala na nani. Nami ni mmoja wa waliokosea hivyo, na nitaeleza nilikosea vipi.

2.0 Majina yaliyokuja na pepo za msimu

Tuanze na majina, kwa kuwa ndiyo tunayoyajua zaidi. Mtu akiifungua kamusi yoyote ya Kiswahili, ataona kwamba majina mengi ya vitu vinavyonukia ni maneno ya mkopo. Udi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kijiti au ubao. Miski imetoka Kiarabu, nacho Kiarabu kiliipata kutoka Kiajemi, na asili yake inafuatwa hadi Kisanskriti. Sandali nayo ina njia kama hiyo. Ambari, zabadi, waridi, asumini, zafarani na rihani yote yametufikia kwa Kiarabu, ingawa baadhi yake yana asili ya mbali zaidi. Kafuri, tunayomtia maiti, ni neno lililoanza safari yake katika visiwa vya Wamalei. Mlangilangi una jina lililotoka Ufilipino. Kwa hivyo, mwanamke wa Mji Mkongwe aliyesimama mbele ya kioo chake jioni alikuwa na Bahari ya Hindi nzima mezani pake.

Udi wenyewe haukui Afrika Mashariki. Hutokana na miti ya jenasi ya Aquilaria, iliyoenea kutoka Assam hadi Indonesia. Mti mzima hauna thamani kwa mfanyabiashara wa manukato. Unapojeruhiwa na kuvamiwa na kuvu ndipo unapotoa utomvu mweusi wa kujikinga, na sehemu hiyo iliyougua ndiyo udi. Sarufi yetu inautambua ugeni huo. Tunasema mkarafuu, mwasumini, mrihani, mlangilangi na mkadi, kwa sababu mimea hiyo imo katika mashamba na nyua zetu, na hivyo imepata kiambishi cha ngeli ya miti. Sijapata kumsikia Muunguja akiutaja mti wa udi kwa kiambishi hicho. Udi haukupata mti katika lugha yetu kwa kuwa haukupata mti katika ardhi yetu.

Lakini tusidhani kwamba manukato yalikuja tu na hayakutoka. Al-Mas'udi, aliyesafiri hadi pwani ya Wazanji mnamo mwaka 916, na aliyekitaja kisiwa cha Kanbalu ambacho wataalamu wengi wanakihusisha na Pemba, aliandika kwamba ambari bora ilikuwa ile iliyopatikana katika bahari ya Wazanji. Ambari ni kitu kinachotoka matumboni mwa nyangumi na kutupwa ufukweni na mawimbi. Mwaka 1225 Zhao Rugua, ofisa wa forodha wa Kichina, aliitaja pwani yetu kuwa inatoa pembe za ndovu, dhahabu, ambari na sandali ya manjano. Na mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu, alipokewa kwa tambuu na popoo, kisha akamiminiwa marashi ya Damascus yeye na kadhi aliyekuwa naye. Karne saba baadaye mgeni bado hurashiwa marashi katika maulidi na harusi za Unguja.

Nimeyataja haya kwa haraka kwa sababu yamekwisha kuandikwa na wengine, na kwa sababu yanatufikisha kwenye hitimisho ambalo limekuwa la kawaida mno, nalo ni kwamba majina yakiwa ya kigeni, basi na utamaduni wenyewe ni wa kigeni. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo baadhi yetu tulivyofundisha.

3.0 Vitenzi vilivyokuwa nyumbani

Hebu sasa tuviangalie vitenzi. Shina -nuk- ni la Kibantu, na linapatikana katika lugha nyingi za jamaa zake Kiswahili. Katika Kiswahili kunuka ni kutoa harufu mbaya. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata kunukia, yaani kutoa harufu nzuri. Kwa kawaida kiambishi hiki huonyesha kwamba tendo limefanywa kwa ajili ya mtu au kwa kumwelekea mtu. Hapa kimefanya zaidi ya hayo, kwani kimeigeuza maana. Irabu moja tu imesimama kati ya sifa na tusi: yule ananukia, yule ananuka. Kunusa nako ni kwa shina hilo hilo, likiwa na alama ya kauli ya kale ya kutendesha iliyoigeuza /k/ kuwa /s/. Na kutoka hapo hapo tumepata manukato, ambayo kwa umbo lake yako karibu zaidi na kunuka kuliko kunukia, lakini hakuna atakayelitumia neno hilo kwa samaki aliyeoza.

Samaki huyo ana maneno yake. Tuna shombo na vumba kwa harufu ya samaki, tuna kikwapa kwa harufu ya jasho, tuna uvundo kwa kitu kilichooza. Zingatia kwamba uvumba, ubani wa pepo na waganga, na vumba, harufu ya samaki, yanatofautiana kwa kiambishi tu. Kufanana huko peke yake si ushahidi wa asili moja, na naomba wanafunzi wasiubebe haraka. Nimelitaja ili tukumbuke kwamba katika usemi wetu wa "udi na uvumba" neno moja limevuka bahari na la pili lina sura ya hapa hapa. Wahenga hawakulitupa moja kwa ajili ya jingine. Waliyafunga pamoja.

Aidha, Mswahili husikia harufu. Tunasema "nasikia harufu ya moshi", na tunakitumia kitenzi hicho hicho kwa sauti, kwa njaa na kwa uchungu. Kuona kuna kitenzi chake. Mengi ya yale yanayomfikia mtu bila ya kupitia machoni yamekusanywa chini ya kusikia. Kwa hivyo kumpokea mgeni kwa udi ni kumsikilizisha jambo kabla hujafungua kinywa.

Viko pia vitenzi vya kazi. Kufuka ni kutoa moshi; kufukiza ni kuufanya moshi ukiingie kitu, nguo au mtu, na hapo tunapata mafukizo na mafusho. Kusinga ni kuupaka na kuusugua mwili kwa vitu vinavyonukia, na hapo tumepata singo ya bibi harusi. Liwa husagwa juu ya jiwe. Asumini hutungwa. Kikuba, kile kifurushi cha asumini, majani ya mrihani na mkadi, hufungwa na kubandikwa kwenye nguo au nywele. Vitenzi hivi ni vya Kibantu. Inafaa tukumbuke kwamba hata Wazungu waliita manukato kwa jina la moshi: neno la Kifaransa parfum limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa moshi". Wao chupa imewasahaulisha moshi. Sisi bado tuna chetezo.

Hata maneno ya mkopo yalipofika hayakukaa kama wageni. Waarabu wanasema luban, neno linalotokana na shina lenye maana ya weupe na maziwa, kwa sababu ya utomvu wake. Mswahili alipolisikia lubani, alisikia lu-, kiambishi cha kale cha ngeli ambayo leo huanza kwa u-. Akaliondoa l kama alivyoliondoa katika maneno yake mwenyewe, akapata ubani. Kadhalika, Kiarabu kina chombo cha kunyunyizia kinachoitwa marash au mirash. Sisi tulikigawa mara mbili kwa ngeli zetu: mrashi ni chombo chenyewe, marashi ni kile kilichomo. Baadaye marashi yaliacha kuwa maji ya waridi peke yake, na leo kijana anayenunua chupa iliyotoka Dubai naye anasema amenunua marashi.

Lazima nikiri kwamba mgawanyo huu si kamili. Kurasha, kwa mfano, ni kitenzi cha mkopo, na tumekipenda hata mvua nyepesi tukaiita rasharasha. Lakini kwa jumla sura ni hii: vitu vilikuja na majina yake, na kazi ilikuwa na maneno yake hapa. Anayehesabu nomino ataona bandari. Anayehesabu vitenzi ataona nyumba, na ndani ya nyumba ataona wanawake.

4.0 Karafuu na kauli ya kutendwa

Siwezi kuzungumzia harufu ya Unguja nikaacha karafuu. Mkarafuu uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na Saleh bin Haramil al-Abri anatajwa miongoni mwa waliouleta. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1856, aliueneza mashambani kwa amri na kwa mfano wake mwenyewe. Tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya mbele.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari katika miaka ya sabini nilipelekwa Pemba pamoja na wenzangu kuchuma karafuu. Hapo ndipo nilipojua kwamba karafuu ni ua linalochumwa kabla halijafunguka. Kwamba kuchambua, yaani kuzitenganisha karafuu na makonyo yake, huacha vidole vimekauka na kunata. Na kwamba harufu ile, ambayo watu huisifu wakiwa ndani ya jahazi, ukilala nayo usiku kucha karibu ya majamvi huingia kooni na kukuumiza kichwa. Sisi tulikaa wiki chache tukarudi.

Sasa chukueni kitabu chochote cha historia ya Zanzibar mtazame sentensi zake: karafuu zilipandwa, zilichumwa, zilianikwa, zilisafirishwa. Kiambishi -w- kinafanya kazi kubwa sana katika historia yetu. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda asitajwe, na watenda hao walikuwa watumwa waliotolewa bara. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Hata hapo masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Katika miaka hiyo kumi na miwili, mwanamke ambaye kunukia kwake kulikuwa sehemu ya utumishi wake hakupewa uhuru alioupata mchumaji wa karafuu.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Ameeleza kwa kirefu jinsi nguo, vitanda na miili ilivyotiwa manukato katika majumba ya kifalme. Ni ushahidi wa thamani kubwa, wa mtu aliyekulia ndani. Lakini msomaji wa isimu atakisoma kitabu hicho kwa swali lake: ni mkono wa nani uliotia makaa katika chetezo? Mkono upo, nao ni wa mjakazi. Alijua moto uwe mkali kiasi gani na nguo ikae juu yake kwa muda gani. Maarifa yalikuwa kwake, nayo sifa ikaenda kwa aliyenukia.

Baada ya kuondolewa utumwa, maarifa hayo hayakubaki majumbani mwa mabwana. Yalivuka Darajani yakaingia Ng'ambo. Wanawake waliokuwa watumwa na binti zao walijifukizia nguo zao wenyewe. Na katika unyago, ambao marehemu Bi Kidude binti Baraka alikuwa mmoja wa makungwi wake mashuhuri hadi alipofariki mwaka 2013, mwari alifundishwa kuutunza mwili wake kwa ngoma, kwa wimbo na kwa kutendewa. Ile ilikuwa skuli ya vitenzi. Haikuwa na daftari, na ndiyo sababu sisi wa madaftari tulichelewa kuiona.

5.0 Manukato katika fasihi

Fasihi imekuwa makini kuliko kamusi. Nitachukua mifano miwili tu, mmoja wa kaskazini yetu na mmoja wa kwetu.

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa Lamu mwaka 1858. Mtunzi wake, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, na aliutunga kwa ajili ya binti yake. Sehemu inayohusu mapambo inamwagiza binti akoge, ajisinge, afunge nywele zake, atunge asumini na aitie kitandani. Wako wahakiki walioona humo utiifu wa mke tu, nao hawakusema uongo. Lakini tukiusoma kwa jicho la leo la isimu, tunaona kwamba mama anayekaribia kufa hamwachii mwanawe orodha ya vitu. Anamwachia mfuatano wa matendo, moja baada ya jingine, kwa mpangilio unaoweza kukumbukwa na kutendwa.

Mfano wa pili ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo By the Sea, iliyotoka mwaka 2001. Mwandishi huyu alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na riwaya yake nyingine imetufikia kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Katika By the Sea mzee Saleh Omar anawasili uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Katika mzigo wake mdogo mna kasha la udi, ule unaoitwa ud-al-qamari. Ofisa wa uhamiaji analifungua, analinusa, na analichukua liwe lake. Msimulizi anatueleza kwamba alidhani jina hilo maana yake ni udi wa mwezi, mpaka mfanyabiashara aliyempatia alipomfahamisha kwamba qamari ni neno lililopotoka kutokana na Khmer, yaani Kambodia.

Sijui riwaya nyingine inayofungua kwa etimolojia na wizi kwa pamoja namna hii. Na ajabu yake ni kwamba mzee anaporwa kasha, lakini hakosi maelezo. Anajua udi huo ulitoka wapi, nani alimpatia, moshi wake ulikuwaje nyumbani kwake. Ofisa amepata kitu. Hajui la kukifanyia.

6.0 Kanda nne

Naomba sasa ruhusa ya kuzungumza juu ya kosa langu.

Mwaka 1993 nilirudi Unguja kukusanya data za tasnifu yangu ya uzamivu, iliyohusu maneno ya mkopo katika leksikoni ya nyumbani. Bibi yangu alikuwa hai, anaishi Malindi, katika nyumba ambamo mimi nililelewa. Alikuwa mpishi wa udi. Wasiojua wafahamu kwamba udi wa Unguja, mbali na vijiti vyenyewe, hupikwa: sukari huyeyushwa, vipande au unga wa udi huchanganywa pamoja na sandali, marashi, miski na ambari kwa mwenye uwezo, kisha humiminwa, hupoa, huvunjwa, na huhifadhiwa katika mkebe. Harusi nyingi za mtaa wetu zilifukiziwa udi uliotoka jikoni kwake. Utotoni nilikaa naye jikoni humo nikipepea makaa, na nguo zikatandikwa juu ya tenga lililopinduliwa, moshi ukipanda taratibu katikati yake. Sikuiona kuwa ni elimu. Elimu niliifuata kwingine.

Nilikuwa na kinasa sauti na kanda nne. Nilimpangia vitu vyake juu ya mkeka na kuuliza kimoja kimoja.

"Bibi, hii yaitwaje?"

"Hiyo liwa, mwanangu. Hiyo husagwa kwa..."

Nikabonyeza kitufe. Nilikuwa nimepata nomino, na kanda zilikuwa chache. Nikashika kingine, nikafungua mashine, nikauliza, akajibu, akaanza kueleza, nikafunga. Ikawa hivyo kwa siku tatu. Siku ya tatu alinitazama akacheka, akaniita kwa utani wa bibi na mjukuu:

"Mke mwenzangu, wewe waandika vitu tu. Vitu havifanyi kazi."

Nilicheka naye, na nikafunga mashine.

Tasnifu ilipita. Ina majina 63 ya manukato na vyombo vyake, kila jina na asili yake, kila moja na ngeli yake. Bibi alifariki mwaka 1995 nikiwa ughaibuni.

Mwaka 2009 binti yangu aliolewa, na mimi na mama yangu mdogo tukataka kumpikia udi kwa mkono wetu. Tulivikusanya vitu vyote. Orodha nilikuwa nayo, tena imechapishwa. Sukari ya kwanza iliungua. Ya pili iligoma kushika. Hatukujua lini iepuliwe, wala lini udi uingie, wala kwa nini bibi alikuwa akiufunika mkebe kwa kitambaa kabla ya kifuniko. Nikazitafuta kanda zangu. Katika kanda ya tatu, baada ya neno sukari, sauti yake inasema: "Waikoroga, waikoroga, mpaka ime..." Hapo pana mlio wa kitufe, na kinachofuata ni jina la kitu kingine.

Nimeisikiliza sehemu hiyo mara nyingi. Nina kiambishi cha ngeli, i-. Nina kiambishi cha wakati timilifu, -me-. Shina la kitenzi halipo. Nilikuwa na neno lake lote masikioni mwangu mwaka 1993, na leo mama yangu mdogo halikumbuki, wala mimi. Nimewauliza wazee wa Malindi na wa Ng'ambo. Wananipa "imeiva", wananipa "imeshika", "imevuta", na yote ni maneno mazuri, lakini hakuna aliyenipa nililolitambua. Ile harusi ilifukiziwa udi wa mkebe tulioununua Darajani.

7.0 Hitimisho

Kisa hicho ni kidogo, na bibi mmoja si historia. Lakini naamini kwamba kilichotokea juu ya mkeka ule kimetokea katika uwanja wetu mzima wa taaluma. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamusi zikafuata, ikiwamo ile ya Johnson ya mwaka 1939, maneno ya bandarini na ya barazani yalikuwa na watu wa kuyasema mbele ya wakusanyaji. Ya jikoni na ya chumbani hayakuwa nao. Mpaka hivi leo kamusi hutufafanulia kitu cha kunukia kuwa ni aina ya mti, aina ya unga, aina ya mafuta. Ni maelezo sahihi, nayo hayamsaidii mtu kukifanyia chochote.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mawe, milango na baraza vina sheria za kuvilinda. Harufu haina sheria, wala haiwezi kuwekwa makumbusho. Huishi kwa kutendwa tena na tena, na hutendwa kwa maneno. Kwa hivyo nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa watunga kamusi. Kila nomino ya ufundi wa nyumbani ipewe vitenzi vyake. Penye liwa pawe na kusaga, penye kikuba pawe na kufunga, penye chetezo pawe na kutia makaa na kufukiza, pamoja na vile vitenzi vya hatua ndogo ndogo ambavyo fundi peke yake ndiye anayevijua.

La pili ni kwa wanahistoria na wanafunzi wao. Kila mnapoandika kwamba kitu kilichumwa, kilisagwa au kilifukizwa, simameni kidogo mbele ya hiyo -w- mjiulize mtenda ni nani. Mara nyingine jina lake halikuhifadhiwa. Kazi yake, hata hivyo, inaweza kutajwa.

La tatu ni kwa vijana waliokaa nyuma kabisa ya ukumbi huu, wenye simu mifukoni zinazoweza kunasa sauti saa nyingi bila ya kumaliza kanda. Wengi wenu mna bibi, shangazi au jirani ambaye bado anapika udi, anatunga asumini, anasinga maharusi. Nendeni kwao wiki hii. Msiwaulize kwanza kinaitwaje. Kaeni, mpepee makaa, muulize kinafanywaje, na wakianza kueleza msiwakatishe. Na kama katika maelezo hayo mtasikia neno la sukari iliyofika pale inapotakiwa kufika, nitashukuru kuletewa.